Sakafu ya Metodi Iliyokataa Kulala

Kaka yangu Metodi akiingia nyumbani kwa mtu hasalimii kwanza. Anatazama chini. Akisharidhika na sakafu, au akishaikasirikia, ndipo anainua uso na kuuliza hali ya watu. Hapa Lom, mji wetu mdogo wa Bulgaria kando ya mto Danubi, tumemzoea, ila wageni humdhania ana haya, au ameangusha kitu. Hana haya hata chembe. Maisha yake yote amekuwa fundi wa sakafu za mbao, na magoti yake yameota sugu kuliko visigino vyangu.

Sakafu ya shule alitandika yeye. Ya ofisi ya ndoa alitandika yeye pia, kwa hiyo nusu ya mji huu wameoana wakiwa wamesimama juu ya kazi yake. "Na nusu ya hao wameachana," hupenda kusema, "lakini vibao vyangu havijaachana hata viwili." Utani huo ameurudia mpaka umechuja, na bado kila akiusema anacheka yeye kwanza.

Nyumba yetu ni ya marehemu baba. Mimi, Gergina, naishi juu tangu nifiwe na mume, na yeye anaishi chini na mkewe Neshka. Ukifungua mlango wao unakanyaga sebule ndogo yenye sakafu ya mwaloni, vibao vifupi vilivyopangwa kwa mtindo wa mifupa ya samaki. Aliitandika mwaka aliomwoa Neshka, na tangu hapo hakuna kiatu kilichoikanyaga. Hata kasisi akija kubariki nyumba anavua.

Sasa wifi yangu Neshka ni mtu wa kumwaga maji. Nani huku kwetu hamwagi? Mtoto akienda shule siku ya kwanza, bibi harusi akitoka kwao, kijana akienda jeshini, mtu humwaga maji nyuma yake ili mambo yamwendee kama maji, bila kukwama. Yakishamwagwa hayafutwi. Unayaacha yakauke yenyewe, maana ukiyafuta umeifuta na bahati. Wengi wetu tunafanya hivyo kwa safari kubwa. Neshka alifanya hivyo hata Metodi akienda kazini, na alifanya Metodi akienda kwa kinyozi.

Wakaelewana hivyo miaka mingi, mpaka majira ya baridi fulani alipomwaga kwenye ngazi za nje kabla jua halijatoka. Maji yakaganda. Metodi alikuwa amesahau kofia, akarudi kuichukua, na alipotoka tena, kwenye ngazi ya pili, mguu ukamponyoka, akashuka zilizobaki kwa makalio. Akavunjika mkono.

"Hiyo ndiyo bahati yako?" akamfokea akiwa amelala kwenye theluji. "Ukimwaga tena tone moja kwenye ngazi zangu nakurudisha kwa mama yako."

"Mama yuko makaburini," Neshka akasema.

"Basi ndiko hukohuko."

Neshka akaacha. Nasema akaacha kwa sababu mimi dirisha langu linatazama ngazi zile, na sikuona tena hata unyevu.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Metodi alitoka kwenda kununua mkate. Duka la mikate liko kona ya pili. Akaanguka mlangoni mwa duka, moyo, na akaletwa nyumbani baada ya wiki kadhaa za hospitali akiwa amekonda na mwenye hasira na kila kitu. Daktari akamruhusu kazi nyepesi tu. Tulitaka asifanye yoyote. Lakini ukimnyima kaka yangu kazi atakaa kwenye kiti na kuhesabu nyufa za dari, na mtu wa namna hiyo hamalizi mwaka. Akarudi kazini kidogo kidogo, kibao hapa, kona pale. Kisha ukumbi wa utamaduni wa mji ukamwomba atandike upya sakafu ya jukwaani, kwa utaratibu wake, bila haraka. Akakubali. Siku hiyo alikula sahani mbili za maharage, na sote tukapumua.

Ndipo ile sakafu ya sebuleni ikainuka.

Ilianza mwanzo wa vuli, tulipokuwa tukichoma pilipili za kusindika. Mlango wa mbele ukawa unakwaruza chini. Metodi akapiga magoti, akapitisha kiganja. Hatua moja kutoka kizingitini, vibao vilikuwa vimejikunja na kupanda kama mgongo wa paka aliyeudhiwa. Ukivikanyaga vinalia.

"Mvuke," akasema. "Mnachemsha chupa zenu za pilipili humu ndani mchana kutwa, mbao zinakunywa."

Tukahamia uani na pilipili zetu, chini ya mzabibu. Sakafu ikazidi kuinuka.

Akamwita Asparuh, fundi bomba, rafiki yake wa tangu jeshini. Asparuh akapima, akagonga, akalala kifudifudi na kutega sikio kwenye ukuta kama mtu anayewasikiliza majirani.

"Mzee, bomba zako ni kavu kama koo langu," akasema, akimtupia Neshka jicho la kuomba rakia, pombe yetu kali ya matunda.

"Kavu vipi, na mbao zinavimba?"

"Labda ni mimba."

Metodi hakucheka. Neshka alileta rakia, akaiweka mezani, akarudi jikoni bila neno. Hilo nalo lilinishangaza, kwa sababu wifi yangu huwa hampi Asparuh kinywaji bila kumsema kwanza.

Mimi nilisema ni mto. Danubi ukijaa hupenyeza maji ardhini, kila mtu anajua.

"Mto gani huu," Metodi akaniuliza, "unaopita chini ya nyumba za watu wote bila kuwagusa, uje kuchomoza mlangoni kwangu tu? Una anwani yangu?"

Nikarudi kwenye pilipili zangu.

Akaamua kuifanyia kazi kama angeifanyia ya mteja. Akang'oa ubao wa ukingo unaofunika mahali sakafu inapokutana na ukuta, akapima ile nafasi ya kupumulia ambayo kila fundi huiacha, maana mbao hupanuka na zikikosa pa kwenda zitakwenda juu. Ilikuwepo, lakini imejaa. Sakafu ilikuwa imesogea mpaka ukutani. Akaikata upya, pana zaidi. Akavichomoa vibao vilivyoinuka kimoja kimoja kwa patasi, akaviandika namba mgongoni kwa penseli, akavipanga jikoni na vijiti katikati ili hewa ipite. Chini yake kulikuwa na unyevu. Akaweka hita, akangoja, akangoja tena. Wakati wa kungoja alikuwa akitoka kwenda kutafuta gundi, kwenda kuazima msumeno mdogo, kwenda kumuuliza Asparuh lile swali lilelile. Kila akirudi alikuta unyevu uko palepale, kama vile hita ilikuwa ikiota moto tu na siyo kukausha.

Siku moja nilimkuta amekaa sakafuni analamba kibao.

"Unalamba nini, kaka?"

"Maji ya choo yana ladha yake, ya mvua yana ladha yake." Akalamba tena. "Haya ni maji matamu. Ya kunywa kabisa. Gergina, sielewi."

Mwishowe alivirudisha vibao, gundi mpya, kila kimoja mahali pake, na juu akaweka magunia ya viazi ili vilale. Kwa muda vililala. Kisha viazi vikaanza kupanda juu pamoja na sakafu.

Mji mdogo hauna siri. Sokoni mwanamke wa jibini akaniuliza kama ni kweli kwa fundi Metodi mtu anapanda mlima akiingia sebuleni. Mganga hajigangi, akasema, na wenzake wakacheka. Nilimwambia jibini yake ina chumvi kuliko adabu yake, nikanunua kwingine. Lakini nilirudi nyumbani na jiwe kifuani, kwa sababu nilijua Metodi naye amesikia.

Alipanda kwangu mchana mmoja, jambo ambalo halifanyi, magoti yake hayazipendi ngazi. Akakaa. Nikamkatia banitsa, andazi la jibini, hakuigusa.

"Nikuulize kitu, na usinidanganye. Unaniona niko sawa?"

"Sawa vipi?"

Akajigusa kichwa. "Baba alianza hivihivi. Alikuwa anaweka kitu, kesho anakikuta kwingine, anasema nani kakihamisha. Mimi nakausha sakafu, nikirudi imelowa. Natandika, inainuka. Mahali palepale. Nimetandika nusu ya mji huu, na hapo mlangoni pangu nakosea kila mara na sijui nakosea nini. Hata kosa lenyewe silioni, Gergina."

"Ni mbao tu, kaka."

"Siyo mbao. Mbao hazidanganyi." Akatazama sakafu yangu, ambayo pia aliitandika yeye. "Jumatatu nakwenda ukumbini kuwaambia watafute mwingine. Watoto watacheza ngoma juu ya jukwaa lile. Likiinuka? Vifaa nitampa mkwe wa Asparuh."

Niliogopa. Si kwa sababu ya jukwaa. Nilimwona ameshakaa kwenye kile kiti, anahesabu zile nyufa. Nikashuka kumwambia Neshka, nikamkuta anakata kabichi, na nilipomweleza kisu kikasimama.

"Kasema atatoa vifaa?"

"Kasema."

"Mambo yamemkwama sana," akasema polepole. Akaendelea kukata. Nilimkasirikia siku ile, nikamwona ana moyo wa kabichi.

Jumapili Metodi alifanya kitu ambacho sikutegemea kukiona. Akaung'oa mlango wa mbele, akaulaza juu ya meza uani, akachukua randa na kuuparura chini mpaka ukaweza kupita juu ya ule uvimbe. Fundi anayeukata mlango ili uifuate sakafu mbovu ameshakata tamaa. Alipourudisha, ulibaki na mwanya chini ambao panya mnene angepita bila kuinama.

Jumatatu asubuhi nilikuwa uani nikifagia majani ya mzabibu. Metodi akatoka na koti lake la misibani. Akafunga mlango. Akasimama kwenye ngazi ya juu kufunga kamba za viatu, kwa sababu yeye viatu huvivaa nje, na tangu augue huinama taratibu.

Nikaona maji yanatoka chini ya mlango.

Hayakuwa mengi. Yalipita kwenye ule mwanya, yakatafuta njia kwenye jiwe, yakamfikia kiatu cha kushoto akiwa bado ameshika kamba. Metodi akayatazama. Akainua mguu, akautazama unyayo. Kisha akanitazama mimi, kana kwamba ninajua.

"Mimi nafagia tu," nikasema.

Akagonga mlango wake mwenyewe. Kugonga kabisa, kama mgeni. Neshka akaufungua mara moja, maana alikuwa amesimama hapohapo nyuma yake, na mkononi ameshika kile kindoo cha shaba alichokuja nacho siku ya harusi.

"Umerudi," akasema, uso umembadilika. "Mtu akishatoka harudi. Kaa kwanza. Kaa kidogo, ndipo utoke tena."

"Hicho nini?"

"Kindoo."

"Naona ni kindoo. Cha nini?"

"Cha mama."

"Neshka."

Akakishusha. Nyuma yake niliona sakafu inang'aa maji, kuanzia kizingitini hadi kwenye uvimbe.

"Ulinikataza ngazi," akasema. "Ndani hukunikataza."

"Tangu lini?"

"Tangu ule mkate."

Nikaacha kufagia.

"Siku ile nilikuwa nimesimama papa hapa na glasi ya maji mkononi," Neshka akasema. "Nikasema, amekataza, basi. Nikayanywa. Yalikuwa maji yako, Metodi, nikayanywa mimi. Na wewe ukachukuliwa na gari la wagonjwa."

"Kwa hiyo kila nikitoka..."

"Kila ukitoka."

"Hata nikienda kutupa taka?"

"Taka si ziko nje?"

"Na sakafu hukuiona? Mwanamke, ninalamba mbao mbele yako, hukuiona?"

"Niliiona, sina macho?" Akakikumbatia kindoo. "Nilianza na kikombe cha kahawa. Nikasema, kikombe cha kahawa kitaufanya nini mwaloni? Halafu sakafu ikainuka, na wewe ukaanza kuharibikiwa, huli, unajisemesha. Nikaona mambo yamekukwama, maji ni machache. Ndipo nikachukua kindoo."

Nilitaka kucheka na machozi yalikuwa yananitoka, na sikujua lipi litangulie. Kumbe kadiri alivyozidi kuhangaika na unyevu, ndivyo alivyozidi kumwagiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hawakusema ufanyeje kikikula kwa kukupenda.

Metodi akakaa kwenye ngazi. Kwa muda mrefu alitazama mikono yake, upande huu na upande huu, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa na anakikagua kama kimeharibika.

"Basi sikuwa nimekosea," akasema. "Nilitandika sawasawa."

"Ulitandika sawasawa," Neshka akasema.

"Nilidhani nimekuwa baba."

Neshka hakuelewa hilo, kwa sababu habari ya baba sikuwa nimemweleza. Mimi nilielewa, nikamwona kaka anafuta pua kwa mkono wa koti la misibani.

Akanigeukia. "Gergina, sasa hapa mtu anakasirika au anafanya nini?"

"Muulize fundi," nikamwambia.

Akafikiri. Bado alikuwa amechanganyikiwa, ila alichanganyikiwa kwa namna nyingine, namna ya mtu aliyejiandaa kubeba gunia zito akakuta ni la manyoya. Mwisho akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha sebuleni kama mkewe alivyotaka, ili ile safari ya kwanza isihesabiwe. Akakaa wima, kofia magotini. Kisha akatoka tena, na Neshka akammwagia nyuma kwenye ngazi, mchana kweupe, mbele ya majirani wote. Ukumbini hakwenda kukataa. Alikwenda kupima jukwaa.

Sakafu aliitengeneza kwa siku zake, bila kumuuliza mtu. Alichomoa vibao, akavikausha, vilivyojikunja kabisa akavibadilisha kwa vingine alivyokuwa ameviweka darini tangu zamani. Akaacha nafasi ya kupumulia. Safari hii unyevu uliondoka, mwaloni ukalala, na ukipitisha kiganja husikii mwanzo wala mwisho. Mwanamke wa jibini nilimwalika kahawa makusudi, nikamvusha pale akiwa na soksi.

Karibu na kizingiti Metodi aliacha sehemu ya upana wa kiatu atakapoweka jiwe la Neshka kumwagia maji yake. "Fundi wa mbao anaweka jiwe kwake," alinung'unika, "nife mapema nisichekwe na watu." Jiwe aliliagiza kwa mchonga mawe wa makaburini, ambaye daima ana foleni. Kwa hiyo alipaziba kwa vibao vya muda, akamwambia Neshka avumilie, amwage nje, na kukiwa na barafu aache kabisa. Neshka akakubali kwa mdomo. Siku ya barafu ya kwanza aliacha kweli; nikiwa uani nilimwona dirishani amekaa amejikunyata mpaka mume aliporudi.

Kabla jiwe halijaja, zamu ya Neshka ikafika katika hospitali ya mji wa Pleven, kupasuliwa mtoto wa jicho. Operesheni ndogo, walisema. Asparuh akamchukua kwa gari lake. Metodi alitaka kufuatana nao, lakini daktari wake alimkataza safari ndefu. Alibeba begi mpaka garini, akaligombeza kwa uzito wake, akamwambia mkewe asizungumze sana na wauguzi. Neshka akamwambia supu iko kwenye friji. Wakaagana hivyo, na Metodi akarudi ndani haraka kabla gari halijawaka.

Nilishuka kumwangalia. Nikafungua mlango, nikamkuta amesimama katikati ya sebule na ndara zake, kile kindoo cha shaba kimeinama mkononi. Alikuwa amekimwaga chote. Hakumwaga kwenye vile vibao vya muda. Alimwaga juu ya mwaloni, kwenye ile kazi mpya, na maji yalikuwa yanaingia kwenye maungio ya mifupa ya samaki, moja baada ya jingine. Nje, gari likakata kona.

"Kaka, sakafu!" Nikachukua taulo lililokuwa kwenye msumari, nikapiga magoti.

Akanishika mkono, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Acha," akasema. "Hayafutwi."

Tukayazunguka kwa pembeni, tukaenda kukaa jikoni kungoja simu.